Wajibu wa Nani, Stahiki ya Nani?

Tarehe 22 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyogeuza namna serikali ya Marekani inavyowasaidia wazazi maskini, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao. Jina la sheria hiyo linaanza na maneno mawili: Wajibu Binafsi. Ukiingia ndani, kwenye sehemu inayoanzisha mpango mpya wa msaada, unakutana na kifungu kifupi kinachosema kwamba sehemu hiyo isitafsiriwe kuwa inampa mtu yeyote, au familia yoyote, haki ya kudai msaada huo. Mlangoni wameandika wajibu, chumbani wamefuta stahiki.

Mtu anayezifuata siasa za Marekani akiwa Dodoma, Mombasa au Bujumbura huyasikia mambo hayo mawili kama mafahali wasioweza kukaa zizi moja. Upande mmoja unalalamika kwamba taifa limejaa watu wanaodai wasichokitolea jasho. Upande wa pili unajibu kwamba maskini anasukumiwa lawama za umaskini ambao hakuutengeneza. Kila uchaguzi ukifika, ngoma ni ileile. Nimeufuata ugomvi huu kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba tabia za watu zina sehemu ndogo kuliko tunavyoambiwa. Swali zito ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba kazi fulani ni kazi na mchango fulani ni mchango.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya fundo iko hapo. Wamarekani wanasema "entitlement". Katika lugha ya bajeti neno hilo halina hasira hata kidogo: ni malipo ambayo sheria inailazimisha serikali kumpa kila aliyetimiza masharti, bila kusubiri wabunge wayapigie kura mwaka kwa mwaka. Pensheni ya Hifadhi ya Jamii iko humo. Medicare, yaani bima ya afya ya wazee, imo. Mafao ya askari waliopata ulemavu vitani yamo. Mtumishi wa umma Tanzania angeyaita stahiki, kama anavyosema "sijalipwa stahiki zangu" pale fedha za uhamisho zinapochelewa, na hakuna anayemwona mroho kwa kusema hivyo. Lakini katika mazungumzo ya kawaida ya Wamarekani, neno lilelile ni tusi. Humaanisha mtu aliyedekezwa, anayeona dunia nzima ina deni lake. Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyo mbali: kudai stahiki ni jambo moja, kudeka ni jambo jingine. Kule yamefungwa kamba moja, na mwanasiasa anayetaka kupunguza malipo ya wazee au ya wagonjwa hana haja ya kutukana mtu. Neno linamfanyia kazi hiyo.

Hifadhi ya Jamii ilizaliwa Agosti 1935, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, chini ya Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishikilia kwamba fedha zake zitoke kwenye makato ya mishahara, ili mfanyakazi ajione amechangia na asitokee mwanasiasa wa kumnyang'anya. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitoka Januari 1940 na kwenda kwa Ida May Fuller, aliyekuwa katibu katika ofisi ya wanasheria huko Ludlow, jimbo la Vermont. Ilikuwa ya dola 22.54. Katika miaka yake mitatu ya makato alikuwa amechangia dola 24.75. Hundi ya pili ilipofika, mchango wake wote ulikuwa umerudi. Mama huyo akaishi hadi miaka 100, na alipofariki mwaka 1975 alikuwa amepokea dola 22,888.92.

Hakuiba hata senti. Alitimiza kila sharti aliloambiwa. Lakini fedha alizokula kwa miaka 35 hazikutoka kwenye kibubu chake. Zilitoka kwenye mishahara ya watu waliokuwa kazini wakati ule, na mpaka leo kwa sehemu kubwa mfumo unaendeshwa hivyohivyo: makato ya kijana ndiyo hundi ya mzee. Mstaafu wa Kimarekani ukimgusia jambo hili atakujibu kwa uchungu kwamba hizo ni fedha zake, alizichanga mwenyewe. Ninamwelewa. Roosevelt alikusudia ajisikie hivyo.

Sasa mtazame ambaye hakuingizwa. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Kusini mwa Marekani kazi hizo zilifanywa kwa wingi mno na watu Weusi. Mwanamke aliyedamka kabla ya jua miaka 30 kwenda kupika, kufua na kulea watoto wa nyumba ya wenyewe alikuwa amewajibika kuliko wengi, lakini kitabu cha serikali hakikuwa na safu ya kuandikia kazi yake. Marekebisho ya 1950 na 1954 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza watu wa namna hiyo. Na sheria hiyohiyo ilianzisha mkono wa pili, msaada kwa watoto wa familia zisizo na mtafutaji, uliotegemea kodi ya jumla na utashi wa kila jimbo. Kuanzia hapo Marekani ikawa na njia mbili: ya "waliochuma" na ya "wanaosaidiwa". Mtu mmoja angeweza kusukumwa upande wa pili kwa sababu tu kazi yake haikuhesabiwa upande wa kwanza.

Kuna kesi mbili za Mahakama ya Juu ambazo kila anayetaka kuelewa jambo hili ingefaa azijue, kwa sababu zinapindua yale ambayo karibu kila Mmarekani anayaamini.

Ya kwanza ni ya Ephram Nestor. Alihamia Marekani kutoka Bulgaria mwaka 1913. Alikatwa mshahara kwa ajili ya Hifadhi ya Jamii tangu 1936 hadi 1955, akastaafu, akaanza kulipwa. Mwaka 1956 akafukuzwa nchini kwa sababu miaka ya 1930 alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, ingawa alipokuwa mwanachama hilo halikuwa sababu ya kumfukuza mtu. Pensheni ikakatwa. Akashtaki. Mwaka 1960 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mchangiaji hana haki ya kumiliki malipo yale kama anavyomiliki shamba au akaunti ya benki. Bunge lilijiwekea uwezo wa kubadili sheria, na lilipobadili, Nestor hakuwa na cha kushika. Miaka 19 ya makato haikumnunulia mali. Ilimnunulia ahadi.

Ya pili ni ya wakazi wa New York waliokuwa wakipokea msaada wa maskini, mmoja wao akiitwa John Kelly. Walikatiwa msaada kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hilo haliruhusiwi: mtu anayeishi kwa msaada huo lazima kwanza apewe nafasi ya kujieleza mbele ya anayeamua. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu, alidokeza kwamba huenda ni sahihi zaidi kuuona msaada huo kama aina ya mali kuliko kama hisani. Aliegemea hoja za mwanasheria Charles Reich, aliyekuwa ameandika mwaka 1964 kwamba utajiri mwingi wa Marekani unatoka mkononi mwa serikali: leseni za biashara, kandarasi, masafa ya televisheni, njia za ndege, ruzuku za wakulima. Mwenye leseni akinyang'anywa hupewa wakili na kikao. Kwa nini mama mwenye watoto asipewe hata kikao?

Ziweke hukumu hizo mbili bega kwa bega. Kile ambacho taifa zima linaapa kuwa ni jasho la mtu, mahakama ilisema Bunge linaweza kukibadili. Kile ambacho taifa linakiita sadaka, mahakama ilikipa kinga ya kutokatwa kiholela. Kisheria, tofauti kati ya mstaafu na mama maskini ni ndogo mno kuliko tunavyofikiri. Wote wawili wanaishi kwa ahadi ya Bunge. Kinachowatenga ni kwamba wastaafu ni zaidi ya milioni 50, wanapiga kura, na hakuna chama kinachothubutu kuwagusa.

Mama maskini hakuwa na jeshi hilo, na picha yake ilikuwa imeshachafuliwa. Kwenye kampeni ya 1976 Ronald Reagan alizunguka akisimulia habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina kibao, aliyekamua serikali kwa udanganyifu. Mwanamke huyo alikuwepo kweli, na alikuwa mhalifu kweli; alipofikishwa mahakamani mwaka 1977 alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa takriban dola 8,000. Lakini kosa la mtu mmoja wa ajabu likawa sura ya mamilioni ya wanawake ambao tatizo lao lilikuwa kodi ya nyumba na mtoto mwenye pumu. Miaka 20 baadaye ndipo ikaja ile sheria ya 1996, iliyojibu hukumu ya Kelly kwa kufuta neno stahiki lenyewe.

Nisiwe mchoyo wa haki kwa walioitunga. Walikuwa na hoja. Mfumo wa zamani ulimpunguzia mama msaada karibu sawa na kila alichopata kazini, na kwa wengine ulidumu miaka mingi bila kuwafungulia njia. Baada ya mageuzi, akina mama wasio na waume walioingia kazini waliongezeka sana. Uchumi ulikuwa ukipaa, na nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ilikuwa imepanuliwa mwaka 1993, kwa hiyo sifa haziwezi kwenda kwa sheria peke yake, lakini sehemu ni yake. Na wapo wanawake waliosema wazi kwamba kazi iliwarudishia heshima. Hilo si jambo dogo.

Lakini wajibu uliotajwa mlangoni uliwekwa begani mwa mtu mmoja tu. Mama aliwekewa kikomo cha miezi 60 kwa fedha za serikali kuu. Majimbo yalipewa fungu la pamoja, takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka kwa nchi nzima, likabaki palepale huku bei zikipanda, na yakaachiwa uhuru mkubwa wa kulitumia. Mwaka 1996, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata msaada huo wa fedha. Kufikia 2020 zilikuwa 21. Na Mississippi, jimbo ambalo limekuwa mkiani kwa kipato miaka nenda rudi, ukaguzi wa hesabu uligundua matumizi mabaya yaliyofikia zaidi ya dola milioni 77 za fungu la maskini. Sehemu yake ilijenga uwanja wa mpira wa wavu wa chuo kikuu. Mama akichelewa kurudisha fomu angeweza kukatiwa msaada. Fungu lenyewe lilivuja miaka kabla mtu hajaulizwa.

Arkansas inatoa funzo jingine, na hili linanigusa kwa sababu linaonyesha wajibu ukigeuzwa kuwa mtego wa makaratasi. Juni 2018 jimbo hilo lilianza kudai kwamba baadhi ya watu wazima wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, wathibitishe saa 80 za kazi kwa mwezi. Uthibitisho ulipaswa kutumwa kwa intaneti, katika jimbo ambalo vijiji vingi havina intaneti ya maana, na tovuti ilifungwa kila usiku saa tatu mpaka saa moja asubuhi. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima. Mahakama iliusimamisha mpango huo Machi 2019. Watafiti walipofuatilia, hawakuona ajira kuongezeka. Walikuta kwamba karibu wote waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi au wana sababu halali ya kutofanya. Kilichopimwa pale ni uwezo wa mtu kujaza fomu. Na bado mpango wa aina hiyo umerudi kwa taifa zima: sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 inayataka majimbo yaliyopanua Medicaid yadai saa 80 kwa mwezi ifikapo mwanzoni mwa 2027.

Upande mwingine wa mji hali ni tofauti, maana kuna stahiki zisizojazwa fomu za kujidhalilisha. Mwenye mkopo wa nyumba Marekani anaruhusiwa kuitoa riba anayolipa kwenye kipato kinachotozwa kodi, mpaka kikomo fulani. Kadiri mkopo na kipato vinavyokuwa vikubwa, ndivyo nafuu inavyonenepa. Hakuna ofisa anayekuja kukagua jikoni kwake. Mwaka 2008 mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Suzanne Mettler, aliongoza utafiti uliowauliza watu kama wamewahi kutumia mpango wowote wa kijamii wa serikali. Miongoni mwa waliokuwa wakifaidi nafuu ya riba ya nyumba, asilimia 60 walijibu hapana. Miongoni mwa wastaafu wa Hifadhi ya Jamii, asilimia 44 walijibu hapana. Siamini walikuwa waongo. Mto ukipita chini ya ardhi, anayekunywa kisimani hudhani maji ni ya kisima.

Historia imejaa mito ya namna hiyo. Sheria ya 1862 iligawa ardhi bure, ekari 160 kwa kila aliyekubali kuikalia na kuilima miaka mitano, na ardhi hiyo ilikuwa ya mataifa ya wenyeji wa asili waliofukuzwa. Wajukuu wa walowezi wale husimulia bidii ya babu, na babu kweli alikuwa na bidii. Mwaka 1944 askari waliotoka vitani walipewa ada za vyuo na dhamana za mikopo ya nyumba. Askari Weusi mara nyingi walifungiwa mlango na benki na vyuo vya Kusini.

Maneno yetu mawili yaliwahi kutoka kinywa kimoja kwa pumzi moja. Mei 2012, Mitt Romney, aliyekuwa akiwania urais, alizungumza na wachangiaji wake huko Boca Raton, Florida, bila kujua anarekodiwa. Alisema asilimia 47 ya wananchi wanaitegemea serikali, wanaamini wanastahili afya, chakula na makazi, na kwamba hataweza kamwe kuwashawishi wawajibike kwa maisha yao. Asilimia hiyo ilikuwa ya wasiolipa kodi ya mapato ya serikali kuu. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakikatwa mishahara kila malipo kwa ajili ya Hifadhi ya Jamii na Medicare. Wengi wa waliobaki walikuwa wazee, na wazee, kama kundi, walimpa Romney kura nyingi kuliko Barack Obama. Aliwahesabu wapiga kura wake mwenyewe kuwa ni mzigo, naye hakulijua hilo.

Je, wajibu na stahiki lazima vigombane? Nikisoma historia ya Marekani, jibu bora nalipata Philadelphia mwaka 1787. Richard Allen na Absalom Jones, wote wawili waliozaliwa utumwani, walianzisha Jumuiya Huru ya Waafrika. Kila mwanachama alichanga shilingi moja kwa mwezi. Baada ya mwaka wa kuchanga, aliyepatwa na shida alikuwa na haki ya shilingi tatu na peni tisa kwa wiki, mradi shida hiyo isiwe imetokana na uzembe wake mwenyewe. Wajane wa wanachama nao walitunzwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye chama cha kuzikana cha mtaani kwetu anaijua katiba hiyo bila kuisoma. Sharti la uzembe liliandikwa na watu waliofahamiana kwa majina. Waliokuwa wakihukumu walikuwa wachangaji wenzake, na kesho wangeweza kuwa wao. Siku sharti hilo linapochukuliwa na Bunge lenye watu ambao hawatawahi kuomba msaada, likaelekezwa kwa watu wasiowafahamu, linabaki na maneno yaleyale na linapoteza kile kilicholifanya kuwa la haki.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wanaliishi jambo hili mwilini. Mfikirie mhudumu wa nyumba ya wazee huko Texas au Ohio, aliyetoka Kenya kwa bahati nasibu ya green card. Kwa sheria ya 1996, misaada mingi ya serikali kuu haimhusu kwa miaka mitano ya mwanzo. Makato yanamhusu tangu siku ya kwanza: asilimia 6.2 ya mshahara kwa Hifadhi ya Jamii, asilimia 1.45 kwa Medicare, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Ili aje kustahili pensheni atahitaji robo mwaka 40 za kazi, yaani miaka 10. Jirani yake asiye na hati za kuishi nchini, anayefanya kazi kwa namba ya Hifadhi ya Jamii isiyo yake, hukatwa vilevile, na jumla ya makato ya watu kama yeye ni mabilioni ya dola kila mwaka. Wasipopata hati, hawatayaona. Wametoa kila kinachoitwa wajibu, na kwenye hotuba wao ndio wanaoitwa watu wa kudeka.

Zaidi ya nusu ya wazee wanaolala katika nyumba hizo hulipiwa na Medicaid, wengi baada ya kumaliza akiba na kuuza nyumba zao. Saa kumi alfajiri mhudumu wetu humgeuza bibi kizee ubavu, hubadilisha shuka, humpa maji kwa kijiko. Ijumaa anapofungua hati ya mshahara kwenye simu, ile asilimia 6.2 imeshaondoka, na sehemu yake itakuwa kwenye hundi ya mwezi ujao ya wazee kama yule bibi.